Margis Hakosei

Jirani Danutė wa ghorofa ya pili
kanunua mtoto wa mbwa, mweupe kama pamba,
na sasa kila asubuhi namkuta ngazini na ndoo,
macho mekundu, ananiuliza:
huyu wako ilimchukua muda gani kushika adabu?

Wiki sita, namwambia.
Baridi ya Kaunas, lifti mbovu, ghorofa tano,
na baba akimshusha kila baada ya saa mbili,
mchana, usiku,
koti juu ya nguo za kulalia.
Alisimama naye thelujini chini ya taa ya barabara
akamwambia kama mtu anavyomwambia mwenziwe:
Haya, bwana. Mimi sina haraka.
Na likidondoka tone, tone tu,
baba alimvulia kofia.

Wiki sita, kisha miaka kumi na mmoja.
Treni ya Klaipėda ilipokwama kwenye barafu
Margis alitetemeka miguu yote minne, hakuachia.
Siku tuliyomzika mama hakuna aliyemkumbuka
tangu alfajiri hadi wageni wa mwisho kuondoka.
Tulimkuta mlangoni, kamba mdomoni,
zulia kavu kama unga.
Hata mwaka ule alipoiba soseji za Krismasi
tumbo likamgeuka,
aliingia mwenyewe kwenye beseni la kuogea.

Ndiyo maana najua.

Jumanne narudi kazini, sijavua hata skafu.
Mbele ya kiti cha baba, juu ya mbao,
kidimbwi.
Baba anatazama dirishani.
Suruali aliyovaa siyo ya asubuhi.
"Mbwa wako," anasema, "kazeeka. Hajizuii tena."

Wako.
Miaka yote hiyo alikuwa wake.

Margis yuko chini ya meza. Anainua kichwa,
anamtazama yeye, ananitazama mimi,
anakilaza tena
kama shahidi ambaye hakuitwa.

Husemwa: ukitaka kumuua mbwa, mpe jina baya.
Juu ya mzee anayetaka tu kuishi bila kuchunguzwa
sijasikia wahenga wakisema neno.

Basi nanyoosha kidole.
"Margis! Aibu! Mbwa mzima kama wewe!"
Sauti yangu haikuzoea uongo, inapasuka katikati.
Analaza masikio. Anaipokea.
Napiga deki kwa maji na siki, mara mbili,
wala sisemi harufu ni ya nani.

Jikoni, mlango nimeurudisha,
namkatia ini, kipande kinene,
nanong'ona: samahani, bwana.

Alhamisi tena. Jumamosi mara mbili.
Muuza nyama ameanza kunisalimu kwa jina.
Margis ananenepa kwa kesi zisizo zake.

"Na wakishajifunza," anauliza Danutė,
akikamua tambara, "hubaki hivyo?
Mtu anaweza kuwaamini?"

Sikumjibu. Nilipanda ngazi zangu tatu zilizobaki,
nikatega saa: saa nne, saa sita, saa nane.

Usiku wa manane nagonga mlango wa baba.
"Baba, Margis hatulii. Nisaidie kumtazama."
Anaguna, anatafuta ndara kwa vidole vya miguu,
anapita ukumbini, anafika mlango wa choo,
na kwa kuwa ameshaamka, na kwa kuwa upo hapo,
anaingia.

Margis hana shida yoyote. Ameketi karibu nami gizani,
sikio moja limesimama.
Tunasikiliza. Kimya.
Bado kimya.

"Mnanisubiri?" baba anauliza kutoka ndani, kwa ukali.

"Hapana, baba," nasema. "Hatuna haraka."

Kisha maji. Machache, yakikatika, yakianza tena.

Sina kofia. Navua kitambaa cha kichwa.